Kikohozi cha Chumba cha Ndani: Wasifu wa Marehemu Bi Mastura Uweso

Assalaam aleikum, ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi hapa Chumbageni leo Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025. Wanaume mko chini ya turubai, kina mama mko ndani, na sauti ya Rama, mdogo wake marehemu, imewekewa spika ili iwafikie nyote. Karatasi mlizonazo mkononi bado zina joto la mashine. Mtuwie radhi kwa kuzichelewesha. Zilizuiliwa mpaka mchana huu kwa amri ya marehemu mwenyewe, na anayewajua watu wa nyumba hii anajua kwamba amri zake hazikuwa na rufaa tangu alipokuwa mzima.

Wengi wenu mlimnunia Bi Mastura kwa jambo moja. Tangu mwaka jana hakunywa chai ya mtu. Aliingia nyumbani kwako, akakujulia hali, akambeba mtoto wako, lakini kikombe kikiletwa alikisogeza pembeni na kuomba maji. Mtaani yakasemwa kwamba yeye, Mama Nasra, siku hizi anaringa, mradi umemvimbisha kichwa. Wengine walisema anaogopa kulogwa. Aliyasikia yote na hakujibu hata moja. Aliagiza jibu litolewe leo, mbele ya jeneza lake, ila kwa sharti kwamba Bi Kazija wa Mkwaja asomewe kwanza na aruhusu. Alikuwa na haki ya Bi Kazija shingoni mwake, na alifariki bila kujua kama amesamehewa. Hilo lilimuuma kuliko maradhi.

Ustadhi wetu alituonya jana jioni kwamba aibu ya maiti husitiriwa, haipigiwi spika. Tukamweleza kuwa marehemu ameomba mwenyewe, na kwamba ndani yake mna haki ya mtu mwingine. Alizungusha tasbihi yake, kisha akasema haki ya mja haiondolewi ila na mja mwenyewe, basi mtafuteni huyo mama. Tulimtafuta. Yaliyotokea tutayafikia, kwanza mjue marehemu alikuwa nani.

Bi Mastura alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1966, Nguvumali, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Uweso, fundi viatu, na Bi Samiha. Nyumba ile ilikuwa na vikombe viwili vya bati. Mgeni wa heshima akija, Bi Samiha aliwapitisha watoto uani kwenda kwa Mama Khadija kuazima vikombe vyeupe vyenye maua ya bluu. Siku moja akaja shemeji yao kutoka Korogwe, akavisifia vikombe vile kwa maneno mazuri. Mastura, wakati huo ana miaka sita, akadakia kwa sauti ya kengele: “Si vyetu hivyo! Vya Mama Khadija, anavitaka kabla ya magharibi!” Mama yake alimfinya paja mpaka akaruka kutoka kwenye mkeka. Mgeni alipoondoka Bi Samiha alimshika mabega akamwambia, “We mtoto, umenivua nguo mbele ya watu. Ukiona nimeficha jambo, na wewe lifiche.” Alilishika somo lile kuliko yote aliyofundishwa baadaye, na alilipenda, kwa sababu alimpenda mama yake.

Alisoma madrasa na shule ya msingi hapo hapo Nguvumali, mwaka 1974 hadi 1980, kisha sekondari mjini Tanga hadi 1984. Hesabu alizipenda mno, na ndugu zake wa kiume walimchukia kwa hilo, maana baba alikuwa akimwita yeye kuhakikisha kila walichokisema wao. Mwaka 1986 alikwenda chuo cha maendeleo ya jamii mkoani Arusha. Alirudi miaka miwili baadaye na cheti, na sweta zito ambalo hapa Tanga halikupata kazi yoyote, likaishia kuwa la kufunikia birika lisipoe. Lipo mpaka leo, na kina mama mlioko ndani mnaweza kuliona juu ya kabati.

Aliajiriwa Novemba 1988 kama msaidizi wa maendeleo ya jamii wilayani Muheza. Baadaye alihamishiwa Pangani, ambako alifanya kazi miaka mingi kuliko popote, na mwisho akarudi Tanga mjini. Alifungua vikundi vya akina mama, akasuluhisha ndoa za watu bila kuulizwa, akagombana na madiwani wa vyama vyote kwa usawa kabisa. Alistaafu mwaka 2021 akiwa na miaka hamsini na mitano, akasema sasa anapumzika. Mzee Idarusi hakuamini hata siku moja, na hakukosea.

Huyo Mzee Idarusi, fundi majokofu, alimwoa Ijumaa tarehe 13 Desemba 1991. Posa yake ilikataliwa mara ya kwanza, si na wazazi, bali na bibi harusi mwenyewe. Alitaka kujua ni kwa nini mwanamume anayetengeneza majokofu ya watu hana jokofu lake. Idarusi alirudi mwezi uliofuata akiwa amelibeba moja kwenye mkokoteni, kuukuu, linanguruma kuliko mashine ya kusaga. Likakubaliwa pamoja naye. Mungu aliwajaalia watoto wawili, Nasra na Sele.

Mwaka 2022 mradi mmoja wa kupima kaya za pwani ulimwita awe msimamizi. Kazi ile aliipenda tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Alirudi nyumbani akamweleza mumewe wakati wa kula: umaskini wa leo kila mtu anauona, wao walitaka kuujua wa kesho. Nyumba mbili zinakula ugali ule ule kwa dagaa wale wale. Maji yakija, moja inaanguka na kuinuka, nyingine haiinuki tena. Kazi yao ilikuwa kuitambua hiyo ya pili kabla maji hayajaja. Waliuliza ukuta ni wa nini, paa ni la nini, mnakula mara ngapi kwa siku, nani analeta riziki, kuna mgonjwa au hakuna, mto uko umbali gani. Kila jibu lilikuwa na alama zake. Kaya za alama za chini zingejengewa nyumba za matofali kwenye viwanja vya juu. Za alama za juu zilihesabiwa kuwa zinajimudu, zikaachwa zilipo.

Walifika Mkwaja asubuhi moja ya Agosti, yeye na Jenifa, binti wa Kibondei kutoka Muheza aliyekuwa akijaza majibu kwenye kishikwambi. Mjumbe wa kitongoji alikuwa ameshatangaza ujio wao tangu jana yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ukimtangazia mtu wa pwani kwamba kesho ana mgeni, umempa usiku mzima wa kujiandaa. Nyumba ya kwanza waliletewa chai kwenye sinia lenye waridi jekundu, ukingo wake umebanduka rangi. Nyumba ya pili, sinia lile lile. Nyumba ya tatu, walipoketi tu walisikia mtu anakimbia uani, na sinia likaingia likiwa bado linachuruzika maji. Bi Mastura alijikaza asicheke. Kijiji kizima kilikuwa kinampokea kwa sinia moja na vikombe vyake, vinapitishwa nyuma wakati yeye anapita mbele.

Jenifa alitoka kwenye nyumba ambazo mgeni hukuta kilichopo. Akafungua mdomo: “Mama Nasra, hili sinia si lile la...”

Hakumaliza. Bi Mastura alikuwa ameshamfinya paja.

Nyumba ya mwisho upande wa bondeni, karibu kabisa na mto, ilikuwa ya Bi Kazija. Yeye na mumewe Shaib walihamia Mkwaja kutoka Pemba zamani, wakati Shaib anafanya biashara ya karafuu na mchele. Katika miaka yake ya neema, msiba ukitokea pale kijijini, mchele wa kulisha watu ulitoka kwake, na hakuwahi kulisema. Siku hiyo kuta za nyumba ile zilikuwa za udongo na miti, zimekandikwa upya kwa ajili ya mgeni. Mkeka ulikuwa mpya. Sinia la waridi lilikuwa limeshatangulia.

“Na mwenyeji wetu yuko wapi?” Bi Mastura aliuliza, maana ndivyo walivyoelekezwa kuuliza.

“Mume wangu yuko Pemba, kafuata karafuu,” alijibu Bi Kazija. “Sisi hatujambo, Bi Afisa. Twala, twalala, twamshukuru Mungu.”

Na hapo hapo, nyuma ya pazia la chumba cha ndani, mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kimoja, kizito, cha mwanamume, na kilikatwa katikati.

Bi Kazija hakugeuka. Aliendelea kummiminia mgeni chai mpaka ikamwagikia kwenye kisahani. Mjumbe akatazama juu kama anayechunguza makuti. Bi Mastura alikitazama kisahani, akalitazama pazia, na baadaye alisimulia kwamba alisikia paja lake linawasha pale pale alipofinywa na mama yake akiwa na miaka sita. Akasema, “Mungu amrudishe salama.” Kisha akanywa chai yake yote.

Nje, Jenifa alimshika mkono. “Mama, mle ndani kuna mtu. Nimemsikia.”

“Na mimi nimemsikia. Ni mtu asiyetaka kuonekana. Andika kama mwenye nyumba alivyosema.”

“Lakini alama zitapanda.”

“Sasa unataka nikamwambie yule mama ni mwongo, mbele ya mjumbe wake? Andika, Jenifa.”

Jenifa akaandika. Baba wa nyumba ana kazi, mgonjwa hakuna, chakula mara tatu. Bi Kazija akaingia katika wanaojimudu. Hatutampamba marehemu, kwani alikataza: siku ile aliondoka Mkwaja akijiona amefanya ungwana. Jioni alimsimulia mumewe habari ya sinia, wakacheka wote wawili mpaka machozi.

Masika ya mwaka 2024, mwezi wa Aprili, mto ulifurika ukaingia bondeni. Majirani wote wa upande ule walikuwa wameshahamia kwenye viwanja vya juu, kwa sababu alama zao zilikuwa za chini; wao waliazima sinia tu, majibu yao yalikuwa ya kweli. Bi Kazija alibaki bondeni peke yake na watu wake, hana hata mtu wa kumpigia ukelele. Alimtoa kwanza binti yake, Mwanaima. Aliporudi kumfuata mumewe, ukuta ulikuwa umeshalala juu ya kitanda. Shaib alikuwa amepooza upande mmoja tangu mwaka mmoja kabla ya Jenifa kuja na kishikwambi chake. Hakuwa Pemba. Mwenyewe alimwapisha mkewe asimwonyeshe kwa mtu katika hali ile, yeye aliyewahi kulisha misiba. Kijiji chote kilijua, na kwa kumheshimu, kijiji chote kilimsafirisha Pemba kila alipotokea mgeni.

Jenifa ndiye aliyepiga simu. Bi Mastura alikuwa jikoni anakuna nazi. “Mama,” Jenifa alisema, “yule wa kikohozi amekufa.” Nasra alimkuta mama yake bado amekaa juu ya mbuzi, nusu ya nazi mkononi, simu iko chini, sauti ya Jenifa bado inamwita.

Alikwenda Mkwaja matangani. Bi Kazija, ndani ya nyumba ya watu alikohifadhiwa, alimwona mlangoni akanyanyuka kumkumbatia. “Bi Afisa! Umetoka Tanga kwa ajili yetu? Mungu akulipe.” Akaketishwa juu ya mkeka, na chai ikaja. Ilikuja kwenye sinia la waridi. Bi Mastura alikishika kikombe, akakileta mdomoni, akakirudisha kwenye sinia bila kunywa. Tangu siku hiyo chai ya nyumba ya mtu hakuinywa tena, na sasa mnajua ni kwa nini. Hakuwa anaringa.

Alikwenda kwenye ofisi ya mradi akaeleza kwamba majibu ya nyumba moja ya Mkwaja si ya kweli, na kwamba yeye ndiye aliyeyapitisha. Walimpokea vizuri, wakampa kiti. Wakamwambia kazi ile imeshafungwa, na kwa mujibu wa tarakimu Mkwaja ilifanikiwa kuliko vijiji vyote, kwani hakuna nyumba ya alama za chini iliyopata madhara. “Hilo ndilo nililokuja kuwaambia,” alisema. Walimwandalia chai pia. Akarudi nyumbani.

Baada ya hapo alijitwisha kazi asiyoajiriwa. Alizunguka kata za Pangani na za hapa mjini akiwafundisha vijana wanaopita nyumba kwa nyumba. Aliwaambia wasitangulize taarifa. Wasiingie na mjumbe. Waingilie uani, mwanamke kwa mwanamke, wakatae chai, na wasianze na ukuta wala paa. Waulize: “Maji yakija sasa hivi, nani humu hawezi kutoka kwa miguu yake, na nani atakuja kumbeba?” Kisha wanyamaze, hata kama ukimya unauma. Wataalamu wa hesabu walimwambia swali lile halina alama. Aliwajibu kwamba basi alama zao zina kasoro, wazitafutie dawa. Vijana waligundua watu wengi waliokuwa wamesafirishwa Pemba, Mombasa na Dar es Salaam huku wamelala chumba cha ndani. Ukimsifia kwa hilo alikasirika. Alisema wote hao hawamrudishi mmoja.

Huku nyuma aliendelea kwenda Mkwaja, akibeba unga, godoro, sare ya shule ya Mwanaima. Kila alipokwenda alikusudia kusema. Kila alipofika, Bi Kazija alimtangulizia dua: Mungu akupe afya Bi Afisa, Mungu akutunzie watoto wako, wewe ndiye uliyetukumbuka. Dua zile zilimchoma. Alirudi usiku akakaa ukingoni mwa kitanda akamwambia mumewe, “Leo tena sikuweza.” Mzee Idarusi alimjibu kila mara kwamba ataweza safari ijayo.

Kuhusu maradhi yake, Mzee Idarusi ameomba na yeye aandikwe. Tangu mwishoni mwa mwaka jana alimwona mkewe anavaa akiwa amempa mgongo, analala upande mmoja, anafua kanga zake peke yake kabla watu hawajaamka. Hakuuliza. “Nilidhani namheshimu,” anasema. “Mimi niliyecheka ile habari ya sinia. Niandikeni.” Mwezi Machi mwaka huu Nasra aliona doa kwenye kanga ya mama yake. Hospitali walisema ni saratani ya titi, na kwamba wamechelewa. Nasra alipandisha sauti pale pale: “Mama! Si wewe unayewafundisha watu kuuliza?” Mama yake akamjibu, “Niliwafundisha kuuliza. Kujibu ni kazi nyingine.”

Mwezi Juni, akiwa ameshakonda, alimtaka Nasra ampeleke Mkwaja. Bi Kazija alikuwa ameshajengewa chumba kimoja cha matofali huko juu na majirani zake. Safari hii hakukuwa na sinia. Alimletea chai kwenye kikombe kimoja cha plastiki, chake mwenyewe, kimevunjika mkono. Bi Mastura alikitazama kwa muda, kisha akanywa mpaka tone la mwisho. Nasra hakuamini macho yake.

“Kazija,” alisema. Hakumwita Bi, wala hakumwita dada. “Siku ile nilipokuja kupima nilikisikia kikohozi.”

Bi Kazija akaliweka birika chini.

“Nilijua Shaib hayuko Pemba. Nilijua sinia si lako na mkeka si wako. Nikamwambia yule msichana aandike ulivyosema. Nilijiona nakusitiri. Kama ningesema neno moja, mngekuwa huku juu pamoja na wenzenu, naye angekuwa hai. Naomba unisamehe, na usiponisamehe ni haki yako.”

Bi Kazija alichukua kile kikombe kitupu. Akanyanyuka, akatoka uani. Walimsubiri. Walisikia maji yanamwagwa, kisha hawakusikia kitu. Mwanaima aliporudi kutoka shule akasema mama ameonekana akielekea makaburini. Jua likapungua, na mgonjwa hakuweza kukaa zaidi. Njiani kurudi Bi Mastura hakulia. Alimwambia Nasra, “Amenijibu.”

Tangu siku hiyo simu kutoka Mkwaja, iliyokuwa ikipigwa kila Ijumaa, haikupigwa tena. Marehemu alilala chumba cha mbele, kwa kuwa alikataa katakata kuwekwa cha ndani, na kila Ijumaa alitaka simu iwe karibu na mto wake. Alipoona siku zake zimekwisha aliacha maagizo mawili. La kwanza ni hili la wasifu. La pili liliwashangaza hata ndugu zake: Bi Kazija akikubali kuja, awe miongoni mwa watakaomwosha. Nasra alimuuliza kwa nini amtake mtu huyo, wakati waoshaji wapo tele katika familia. Alisema, “Mimi niliingia kwake nikaona alichoficha. Na yeye aje aone changu.”

Bi Mastura Uweso alifariki dunia jana, Jumatano tarehe 15 Oktoba 2025, baada ya swala ya alasiri, hapa nyumbani, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Mumewe alikuwa amemshika mkono. Simu ilikuwa bado iko karibu na mto.

Sele alipiga Mkwaja jioni ile ile akatoa taarifa na maagizo. Upande wa pili ulisema, “Nimesikia,” ukakata. Asubuhi ya leo, wakati kina mama wanachemsha maji ya kuoshea na hakuna aliyekuwa na tumaini, Bi Kazija aliingia kwa kupitia uani. Alikuwa ameondoka kwake alfajiri. Nasra alimwamkia, “Shikamoo, Bi Kazija.” Akaitikia, “Marahaba, mwanangu. Maji tayari?” Akakunja mikono ya gauni lake, akaingia.

Aliyoyaona mle ndani hakuyasema, wala mwoshaji hasemi. Wenzake wanatuambia tu kwamba lile jeraha aliliosha yeye, taratibu, na hakumwachia mtu mwingine. Alipotoka, Nasra alimkalisha upenuni akamsomea karatasi hii neno kwa neno, mpaka kwenye kile kikombe. Akamwambia palipo na jina la Shaib patafutwa akitaka, na kwamba hata yote ikichomwa, familia haitakuwa na kinyongo naye.

Bi Kazija alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na maneno haya tumeyaongeza kwa ruhusa yake: “Siku ile, kabla hamjafika, nilimpa Shaib ncha ya kanga aiume asikohoe. Kikamponyoka kimoja. Niliomba Mungu mgeni asikisikie. Miaka yote nikidhani dua yangu ilikubaliwa, namshukuru Mungu kwa hilo, na mume wangu chini ya udongo. Mama yako aliponiambia kakisikia, sikumkasirikia yeye. Sikuweza kumtazama usoni, basi. Mimi ndiye niliyesema yuko Pemba.”

Nasra akamuuliza kama amemsamehe.

“Nimemwosha,” alisema. “Nilitaka kumwambia mwenyewe, kila Ijumaa nilitaka, nikachelewa. Hilo nitalibeba mimi.” Halafu akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, “Someni yote. Shaib keshajificha vya kutosha.”

Marehemu amemwacha mume, Mzee Idarusi, watoto wawili, Nasra na Sele, wajukuu watatu, na ndugu zake wanne, akiwamo Rama anayewasomea. Amemwacha pia Jenifa, ambaye yuko pale nyuma na ambaye alimwita mwanangu, na Bi Kazija wa Mkwaja pamoja na binti yake Mwanaima. Jeneza litatoka hapa baada ya swala ya alasiri. Kabla halijanyanyuliwa, chai itapitishwa, kwenye vikombe vyetu wenyewe, vichache na visivyofanana. Atakayekosa kikombe asubiri mwenzake amalize. Na mwenye mtu wake chumba cha ndani, leo kabla hajalala, atuambie, tuje tumbebe.

Ewe Mola, mpokee Mastura binti Uweso umpe utulivu alioukosa, na umsitiri huko alikokwenda kama alivyositiriwa asubuhi ya leo.